Naomba ushauri: huyu paka ana FIV, nimchukue?

Habari zenu wapendwa. Nilienda KSPCA, lile shirika la kutunza wanyama kule Karen, Nairobi, kutafuta paka nikampenda mmoja dume, mpole ajabu, shida amepimwa akapatikana na FIV, ile watu huita ukimwi wa paka. Daktari wa mifugo amenieleza haishiki binadamu wala mbwa, inapita kwa paka mwingine hasa aking'atwa meno yakaingia ndani, na kwamba anaweza ishi miaka mingi tu bora akae ndani ya nyumba, asipewe nyama mbichi na apelekwe kliniki mapema fizi zikivimba au akikataa kula. Hiyo yote naweza.

Kinachonisumbua ni hapa nakaa, Umoja, balkoni iko wazi na paka wa ploti hupanda mpaka mlangoni usiku, halafu niko na kapaka kengine ka kike humu ndani. Kwa wale mnaishi na paka kama huyu, balkoni mliziba na nini landilodi asilete maneno, waya ya kuku inatosha? Na hao wawili niwatenganishe kabisa ama wakizoeana polepole bila kupigana ni sawa? Nisaidieni jameni, namtaka sana huyu paka.