Ninasoma Nairobi, kwetu Tanga: nazi, dagaa, kisamvu na mchele wa bei nafuu napata wapi?

Binti_wa_Chumbageni

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za jioni.

Mimi ni Mtanzania, nimekuja Nairobi mwezi wa tisa kuanza mwaka wa kwanza wa chuo. Nimepanga chumba Ngara na msichana mmoja wa Kitui. Tuna mtungi wa gesi wa kilo 6, hapa wanauita meko, sufuria mbili na kikaango. Friji hatuna. Baba ananitumia pesa kwa simu kila mwisho wa mwezi, na nikishatoa kodi na nauli inabaki kama 6,000 ya Kenya ya kula mwezi mzima. Kwa hela ya nyumbani hiyo ni zaidi ya laki moja, kwa hiyo nyumbani wanaona nimepewa nyingi na mimi naona haya kuomba tena. Ya mwezi wa kumi iliisha tarehe 19. Kuanzia hapo tulikula ugali na sukuma za yule mwenzangu mpaka mwezi ukakatika.

Nimeshajua pesa ilikopotelea. Nilikuwa nanunua kila kitu supamaketi, tui la nazi la boksi, mchele wa pakiti, nyanya nne zilizofungwa kwenye trei, kwa sababu pale bei imeandikwa na sina haja ya kuongea na mtu.

Kuongea ndiko kunakonishinda, na inaniuma kwa sababu Kiswahili ni lugha ya mama yangu. Wiki ya pili nilikwenda kwa mama mboga nikamwomba kunde nusu kilo. Akachukua fungu la majani, akashika kisu, akaanza kuyakatakata pale pale. Nikamwambia, "Hapana mama, nataka kunde." Akanyanyua yale majani akanionyesha: "Si kunde ndizo hizi?" Nikauliza choroko, hazijui. Nikauliza sukuma bei gani, akasema kuna ya mbao na ya finje. Nyuma yangu watu walikuwa wanangoja. Nikalipa yale majani nikaondoka, na sikurudi tena.

Ninachokitamani hasa ni wali wa nazi na maharage ya nazi siku ya Ijumaa, dagaa, na kisamvu kama kinapatikana mji huu. Mbuzi ya kukunia nazi niliiacha nyumbani, sikufikiria. Mama akiniona kwenye video anasema nimekonda, nami namwambia ni mwanga wa taa. Naombeni mnielekeze.

Mpwani_Eastleigh

Marahaba mwanangu, na pole. Mimi kwetu Malindi, Eastleigh nimekaa zaidi ya miaka ishirini, na sijawahi kununua tui la boksi.

Nazi zinaletwa kila siku kutoka Kilifi na Kwale. Njoo huku Eastleigh, kutoka mjini ni matatu ya namba 6 au 9, au ingia Marikiti, lile soko la jumla la mjini. Juzi nimenunua moja kwa 60. Usichukue ile anayokupa muuzaji, chagua mwenyewe. Itikise karibu na sikio usikie maji yanacheza ndani. Isiyo na maji imeshaoza au iko njiani. Kisha tazama macho yake matatu. Yakiwa na ukungu au unyevunyevu, irudishe.

Kwa kuwa hamna friji, nazi moja iwe ya siku moja na msibakize. Kamua tui la kwanza, lile zito, uliweke kando. Rudisha chicha kwenye maji ya vuguvugu ukamue la pili na la tatu. Hilo jepesi pikia wali, na ukipenda chemshia maharage mpaka yalainike. Zito litie mwisho kabisa kwenye maharage, moto mdogo, ukikoroga lisikatike. Nazi moja, wali na mchuzi, watu wawili mnashiba na wa tatu akibisha hodi anapata sahani.

Mchele nao uko huku, tena wa kwenu. Uliza mchele wa Mbeya. Pishori ya Mwea ni tamu na inanukia, sina neno nayo, lakini bei yake ni ya wageni na sikukuu, na wako wanaoichanganya na mchele mwingine wakauza kwa jina lake. Nunua kilo moja kwanza, upike, ukiridhika ndiyo urudi kwa kilo tano.

Muuzaji_Marikiti

Dada, huyo mama mboga hakukudharau, ni majina tu. Mimi nauza Marikiti na Watanzania wengi wananijia, kwa hivyo haya mambo nayajua.

Hapa Nairobi ukisema kunde umeitisha mboga ya majani. Zile punje nenda duka la nafaka useme kunde kavu. Mama mboga anauza vitu vibichi, nafaka haweki, au anaweka kidogo tu. Choroko yako ni ndengu, na ndengu iko kila mahali, hata vibandani inauzwa imeshapikwa na chapati. Mchicha wengi wanaita terere. Dagaa ni omena. Karanga ni njugu. Njegere utasikia minji. Viazi mviringo ni waru, lakini ukisema viazi tu utapewa hizo hizo. Giligilani ni dhania, maziwa ya mtindi ni mala. Bamia ni bamia, na hapo Ngara uko na bahati, maduka ya Wahindi yameiweka tangu zamani pamoja na viungo vya pilau vya kupimiwa.

Mbao ni shilingi ishirini, finje ni hamsini, soo ni mia. Nafaka tunapima kwa gorogoro, mkebe wa kama kilo mbili. Tazama mkebe kabla hujapimiwa, kuna wengine wameubonyeza chini.

Marikiti njoo mapema, saa kumi na moja alfajiri malori bado yanashusha: viazi na kabeji kutoka Nyandarua, ndizi za Meru, vitunguu vya Tanzania. Na hii nakwambia kwa sababu umesema unatoka Tanga. Machungwa mengi yanayouzwa hapa ni ya Muheza. Hayo ya kijani kijani kwa nje, matamu ndani. Ukiyaona jua yametoka kwenu.

Simu na pesa weka ndani ya nguo, si kwa mfuko wa nyuma, na kikapu uje nacho.

Mkaaji_wa_Ngara

Naheshimu aliyetangulia, lakini huyu ni mwanafunzi, hana friji, na wanakula wawili. Kumwamsha alfajiri aende kununua nyanya za jumla zioze Jumatano hakumsaidii. Nauli na usingizi pia ni gharama. Vitunguu, viazi, ndengu, mchele, hivyo ndivyo vya Marikiti, mara moja kwa mwezi. Mboga na nyanya nunua kila jioni kwa mama mboga wa karibu, na awe mmoja. Mimi wangu nimenunua kwake miaka minne. Ananikatia sukuma nikisubiri, ananiongezea dhania bila kuuliza, na mwisho wa mwezi nikikosa ananiandika kwenye daftari.

Kwa hiyo mdogo wangu, rudi kwa yule yule wa kunde. Msalimie, mwambie wewe ni mgeni wa Tanga. Atakukumbuka.

Muuzaji_Marikiti

Hapo kwa nyanya amesema ukweli. Vitu vya kuoza usinunue jumla.

Msukuma_Gikomba

Dada, nami ni Mtanzania, wa Mwanza, nilisoma hapa na sasa nafanya kazi hapa. Nitakuambia habari ya dagaa peke yake maana ndiyo ninayoijua vizuri.

Nenda Gikomba upande wa samaki. Omena inayouzwa pale ni dagaa wa Ziwa Victoria, sawasawa na wa Mwanza, siyo dagaa wa bahari uliowazoea Tanga. Ni wadogo na wana uchungu kidogo tumboni. Chota kiganjani, uwatazame. Wazuri wanang'aa kama fedha na wako wazima. Waliokatikakatika na kuwa wa njano wamekaa sana au walinyeshewa wakianikwa. Halafu waangushe kwenye kiganja kingine. Ukiona mchanga umebaki, hao walianikwa chini na siyo kwenye nyavu, utatafuna changarawe mpaka uchukie chakula.

Nyumbani wachambue vichwa, waoshe kwa maji ya moto mara mbili, wakaange wakauke kabisa, kisha nyanya, kitunguu, na lile tui zito la mama wa Malindi mwishoni. Gorogoro moja kwa watu wawili inakaa wiki nyingi bila friji, ilimradi iwe kwenye kopo linalofunga. Mimi ndiyo iliyonivusha mwaka wa kwanza.

Hapo hapo Gikomba kuna mgongo wazi, mifupa ya sangara iliyobaki baada ya minofu kukatwa. Ni bei ya chini na mchuzi wake ni mzito. Usione haya kuununua.

Mwana_wa_Ukambani

Nimeona mwenzako ni wa Kitui, basi muulize atakuambia: mahindi ya kusagisha yako hapo Nyamakima kwenye maduka ya nafaka, na kinu kiko mitaa mingi. Unga wake ni kama dona yenu, unashibisha kuliko wa pakiti. Lakini mahindi yachunguze. Yakiwa na ukungu, yakiwa na rangi ya kijani au nyeusi kwenye kiini, au yakilainika ukiyauma, yaache hata kama ni ya bure. Mwaka 2004 kwetu Ukambani watu 125 walikufa kwa mahindi yenye sumukuvu, na sumu hiyo haitoki kwa kupika. Mahindi makavu sawasawa yanalia ukiyatikisa mkononi, na yanakatika kwa meno kwa kishindo.

Kama huwezi kuyatambua bado, nunua unga wa pakiti.

Bukavu_Kayole

Miye niko wa Bukavu, naishi Kayole. Kisamvu chenu sisi tunaita sombe. Sokoni Nairobi wenyeji hawakijui sana, lakini Kayole kuko Wakongomani wengi na wanawake wanakiuza kimetwangwa tayari. Ulizia sombe, usiseme kisamvu.

Dada yangu, tafadhali usikipike haraka kwa kuogopa gesi kuisha. Majani ya muhogo mabichi yana sianidi. Kinatwangwa vizuri, kinachemshwa muda mrefu bila kufunika sufuria ili ile sumu itoke na mvuke. Saa nzima na zaidi. Sisi wa huku tunapika kingi mara moja, majirani watatu kwa jiko moja la makaa, tunagawana. Fanyeni hivyo na wenzenu wa hapo, kila mtu atoe kitu.

Binti_wa_Chumbageni

Nimerudi. Nisameheni kwa kuchelewa, nilikuwa na mitihani ya kati.

Nilianza kwa mama mboga. Nilimsalimia nikamwambia mimi ni yule wa kunde. Alinikumbuka kabla sijamaliza. Akaniuliza kwetu kunde tunaitaje, nikamweleza, akamwita binti yake aje asikie. Sasa ananiita Tanga. Nikipita jioni anasema, "Tanga, leo ni ya mbao ama ya finje?" na mimi najua ninachojibu.

Jumamosi nilikwenda Marikiti na mwenzangu, siyo alfajiri, ilikuwa saa mbili. Tumenunua ndengu gorogoro moja, vitunguu, viazi na nazi mbili nilizozitikisa mwenyewe. Moja niliirudisha, macho yake yalikuwa na ukungu, na muuzaji hakubishana. Halafu nikaona rundo la machungwa chini, kwenye gunia, mengine bado yana vikonyo na jani moja moja. Nikamuuliza mzee aliyekuwa anayauza yametoka wapi. Akasema Muheza. Nikamwambia shangazi yangu ana shamba Muheza. Akanichagulia sita akanipa ya saba. Nilimenya moja palepale nimesimama, na harufu ilipopanda nililia kidogo, sioni haya kulisema hapa.

Mchele wa Mbeya nimepata Eastleigh, kilo moja kwanza kama mlivyosema. Dagaa nitafuata wiki ijayo. Unga tumeamua tubaki na wa pakiti. Kisamvu nimeongea na Wakongo wawili wa darasani, wamesema Jumapili moja tutakwenda Kayole pamoja.

Mpaka leo tarehe 14 nimetumia 2,300, na tumekula vizuri.

Kitu kimoja tu kimenishinda. Nazi nilivunja vizuri, lakini sikuwa na mbuzi. Nilijaribu kuparuza kwa kijiko kisha kwa kifaa cha kuparuzia karoti, nikajikata kidole na tui likatoka jepesi kama maji ya mchele. Mama anataka kunitumia ya nyumbani kwa basi, ipitie Horohoro hadi Mombasa halafu ije Nairobi, lakini naona gharama ya kuisafirisha itazidi bei yake. Kuna mahali zinauzwa hapa?

Mpwani_Eastleigh

Mwambie mama asihangaike. Mbuzi ninazo mbili, moja ni ya marehemu mama mkwe, meno yake yako makali bado na mtu wa kuikalia hayupo. Nitumie ujumbe faraghani nikuelekeze. Njoo Ijumaa baada ya swala, uje na mwenzako wa Kitui, nazi nitakuwa nazo hapa. Mtakuna wenyewe nikiwatazama.