Mjadala: Taifa Stars akabidhiwe mchezaji wetu wa zamani kwa mkataba wa miaka, au tuendelee kumwita mzawa mambo yakiharibika?

Wadau wa Mtwara, Lindi na kwingineko, salaam.

Tangu Novemba 2025, shirikisho letu la soka, TFF, lilipoachana na kocha mzawa Hemed Suleiman "Morocco" na kumkabidhi Miguel Gamondi, Mwargentina, timu ya taifa wiki chache kabla ya AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika), huku kwetu ubishi haujakatika. Naomba tuujadili kwa hoja. Swali langu: je, Taifa Stars iongozwe na Mtanzania aliyewahi kuivaa jezi yake, aliyesomea ukocha, akapewa muda wa kutosha? Au mzawa abaki kuwa mtu wa kushika timu pale mgeni anapofukuzwa?

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Apewe mzawa aliyecheza, na apewe miaka, si miezi.

Chukueni safari ya Charles Boniface Mkwasa, maarufu kama Master. Alikuwa kiungo wa Yanga na Taifa Stars. Alipostaafu kucheza hakukaa kijiweni kusimulia enzi zake, aliingia kwenye ukocha. Alifundisha Ruvu Shooting, akaipeleka Twiga Stars, timu ya taifa ya wanawake, kwenye fainali za Afrika za wanawake za 2010 kule Afrika Kusini, akawa msaidizi wa Hans van der Pluijm pale Yanga. Huyo si mtu aliyeokotwa. Lakini aliitwa lini kwenye timu ya taifa ya wanaume? Juni 2015, baada ya kocha Mholanzi Mart Nooij kufungwa 3-0 na Uganda pale Amaan, Zanzibar, na kutimuliwa. Aliitwa kuzima moto. Na msaidizi wake alikuwa Hemed Morocco huyu huyu.

Septemba 5 mwaka huo tukatoka 0-0 na Nigeria Dar es Salaam. Novemba 14 ikaja Algeria, timu iliyokuwa imevuka makundi ya Kombe la Dunia mwaka mmoja tu nyuma. Niliitazama kwenye kibanda umiza Mkanaledi, mabenchi yamejaa, wengine wamesimama nyuma wameshikilia nguzo za mirunda. Elius Maguri akafunga dakika ya 43. Kipindi cha pili kimeanza tu, Samatta akaongeza la pili. Watu walitoka nje kukimbia mtaani halafu wakarudi kugombea nafasi zao! Kisha Slimani wa Algeria akafunga mawili ndani ya dakika chache, tukaishia 2-2. Siku tatu baadaye, kwao Blida, tukapigwa 7-0.

Mtaje Mkwasa leo popote kuanzia Chikongola hadi Ligula, jibu utakalopewa ni "saba". Zile dakika 70 za Dar zimefutika. Mimi naona huo ni uonevu. Timu iliyoweza kuongoza 2-0 dhidi ya Algeria ilikuwa na kitu ndani yake, na kazi ya shirikisho ilikuwa kumuuliza kocha nini kilivunjika kati ya Dar na Blida, kisha kumpa nafasi ya kukitengeneza. Mwanzoni mwa 2017 alikuwa ameshaondoka. Akaja Salum Mayanga, naye mchezaji wa zamani, naye kwa kuanzia ni kocha wa muda. Aliifunga Afrika Kusini 1-0 kwao kwenye COSAFA (michuano ya nchi za kusini mwa Afrika) ya 2017 na kurudi na nafasi ya tatu. Machi 2018 akaifunga DR Congo 2-0. Agosti timu ikawa ya mgeni, Mnigeria Emmanuel Amunike.

Sasa linganisheni na Senegal. Aliou Cissé alikuwa nahodha wa timu iliyofika fainali ya AFCON 2002, na penalti yake ya mwisho ndiyo iliyookolewa, kombe likaenda Cameroon. Baadaye akapewa vijana wa chini ya miaka 23, kisha mwaka 2015 akapewa timu ya wakubwa. 2017 akatolewa robo fainali kwa penalti. 2018 akatoka Kombe la Dunia hatua ya makundi kwa sababu tu timu yake ilikuwa na kadi za njano nyingi zaidi. 2019 akapoteza fainali mbele ya Algeria. Kwa utaratibu wetu angekuwa amefukuzwa mara tatu hapo. Wao wakamwacha, na Februari 2022 akawapa kombe lao la kwanza la Afrika.

Karibuni.

Mdau wa Newala:
Kaka, umeandika kwa uchungu na nakuelewa, ila umeruka shimo kubwa. Tatizo la mzawa aliyecheza ni kwamba alicheza wapi. Mkwasa ni Yanga. Mwingine ni Simba. Akimwacha mchezaji wa upande wa pili, nchi nzima inasema ana lake. Akimwita wa kwake, hivyo hivyo. Mgeni hana mjomba Kariakoo, yaliko makao ya klabu hizo mbili.

Umemtaja Amunike ukapita haraka, ngoja nimrudishe. Kambi yake ya kwanza tu, 2018, kundi la wachezaji wa Simba lilichelewa kuripoti, akawaondoa wote kikosini, akiwemo John Bocco na Erasto Nyoni. Nitajie mzawa atakayemwondoa Bocco halafu apite Msimbazi, mtaa wa Simba, salama. Baadaye nidhamu ilipokaa sawa Nyoni akarudi, na Machi 24, 2019 akafunga penalti tulipoichapa Uganda 3-0 na kufuzu AFCON baada ya miaka 39. Naye Gamondi ametupeleka hatua ya 16 bora kwa mara ya kwanza katika historia. Hayo ni matokeo.

Mdau wa Ruangwa:
Mimi nizungumzie nilichokiona. Hemed Morocco tulikuwa naye hapa Namungo, klabu yetu ya Ruangwa. Alichukua timu mwishoni mwa 2020, tukiwa kwenye Kombe la Shirikisho Afrika. Timu ilienda Luanda, Angola, kucheza na 1º de Agosto, ikawekwa karantini ya korona, mechi haikuchezwa. CAF, shirikisho la soka Afrika, wakahamishia mechi zote mbili Dar. Wachezaji wametoka kufungiwa ugenini, wakaingia uwanjani wakashinda 6-2. Marudiano tukafungwa 3-1, lakini kwa jumla ya mabao tukaingia makundi. Timu ya Ruangwa, iliyopanda Ligi Kuu 2019 tu!

Kwa hiyo mtu anaposema mzawa hawezi presha, namwambia aje hapa tumweleze. Na Stars alifanya hivyo hivyo: alipewa timu katikati ya AFCON, Januari 2024, kocha mkuu Adel Amrouche aliposimamishwa, akatoka sare na Zambia na DR Congo.

Mdada wa Mikindani:
Ndugu zangu, mnabishana juu ya ghorofa ya kumi wakati ngazi hazipo. Huyo mchezaji wa zamani atakayekuwa kocha wa taifa 2035 anatoka wapi? Ndanda, klabu ya hapa Mtwara, ilicheza Ligi Kuu kuanzia 2014 hadi iliposhuka 2020. Wapo waliovaa ile jezi ambao leo wanafundisha watoto mchangani. Ninamwona mmoja kila jioni: koni zake ni chupa za maji za plastiki zilizojazwa mchanga, mipira ni miwili, na mmoja umeshonwa. Leseni hana hata moja.

Ngazi za leseni za ukocha za CAF ni D, C, B, A, kisha Pro. Kozi ikitangazwa, huyu wa Mtwara lazima atafute nauli, mahali pa kulala, na siku zote hizo hana kipato. Nimefurahi umetaja Twiga Stars, kaka, maana watu husahau kwamba Mkwasa alikaa huko na wanawake wakati hakuna kamera. Ukocha ulimkomaza huko. Nani anawakomaza hawa wa kwetu?

Mwanzisha mada:
Mdada wa Mikindani, sina cha kuongeza, umenifungua. Nadhani hata chama cha mkoa kinaweza kuomba kozi ya D ifanyike Nangwanda Sijaona, hapa Mtwara. Uwanja upo, wakufunzi wachache ndio wasafiri badala ya vijana 30 kusafiri.

Mdau wa Newala, hoja yako ya Simba na Yanga ndiyo nzito kuliko zote hapa, na sitaipuuza. Mkwasa mwenyewe baada ya Stars alirudi Yanga kuwa katibu mkuu, kwa hiyo hofu yako ina miguu. Lakini ona ulichomsifia Amunike: ni uamuzi wa kocha uliolindwa. TFF haikumrudisha nyuma. Je, kuna mzawa aliyewahi kulindwa kiasi hicho? Kocha wa muda hawezi kumwondoa Bocco kwa sababu hajui kama mwezi ujao bado ana kazi. Mpe mkataba wa miaka, mzuie kushika wadhifa kwenye klabu yoyote mpaka muda fulani upite baada ya kuondoka, halafu tuone kama hataweza.

Tena Amunike ni shahidi wangu pia. Alifunga mabao yote mawili ya Nigeria kwenye fainali ya AFCON 1994 na akafunga la ushindi dhidi ya Argentina kwenye Olimpiki ya 1996. Wachezaji wetu walimheshimu kabla hajafungua mdomo. Ila hata yeye, mwenye jina hilo, alipoteza mechi tatu kule Misri na Julai 2019 akawa ameondoka. Kumbe haraka yetu haichagui pasipoti.

Kuhusu Gamondi, nampongeza kwa moyo wote. Sare na Uganda, sare na Tunisia, tukatolewa 1-0 na nchi ya Morocco kwao. Hayo si madogo. Lakini tiketi ya kwenda huko ilikatwa Novemba 19, 2024, bao la Msuva dhidi ya Guinea, kocha akiwa Hemed. Na CHAN (michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani) ya Agosti 2025 aliongoza kundi lake bila kupoteza mechi, akatolewa robo fainali 1-0, na Morocco hao hao.

Mdau wa Newala:
Sawa, kuhusu kulindwa nakubali, hapo umenibana. Lakini nijibu moja kwa moja. AFCON 2027 tunaiandaa sisi na Kenya na Uganda. Huyo mzawa wako wa miaka minne akipigwa saba tena, utamwacha?

Mwanzisha mada:
Mzee wangu, nitataka aitwe siku ya tatu, akae mbele ya kamati ya ufundi aeleze bao moja baada ya jingine, na maelezo yake yatolewe kwa wananchi. Mechi inayofuata nataka kumwona yeye yule yule kwenye benchi. Wewe ungemwondoa?