Seneti ya Minnesota: je, wingi wa kiti kimoja unatosha kubadili sheria za jimbo zima?

Ndugu zangu, naomba tulijadili hili, maana juzi lilitutoa jasho hapa Brooklyn Park, jimbo la Minnesota, Marekani. Tulikuwa tumekutana kuchangia msiba wa mwenzetu, chai iko mezani, mzee mmoja ninayemheshimu sana akasema: "Kura 321 zimeamua maisha ya watu karibu milioni sita. Huo si utawala wa wengi, ni bahati nasibu." Wengi wakaitikia. Nikamwambia, "Mzee wangu, hapo naomba nikupinge." Hadi leo napinga, na naleta hoja yangu hapa ili mnikosoe.

Kwa walio mbali, kisa chenyewe ni hiki. Novemba 8, 2022, viti vyote 67 vya Seneti ya Minnesota viligombewa. (Wakenya mtaitambua namba hiyo, hata Seneti yetu Nairobi ina maseneta 67, ila 20 kati yao huteuliwa na vyama.) Warepublican walikuwa wameishika Seneti hiyo tangu 2017. Kuanzia 2019, Baraza la Wawakilishi na gavana, Tim Walz, walikuwa upande wa Democratic, kwa hiyo miswada mingi ilipita baraza moja ikazikwa katika la pili. Kura za 2022 zilipohesabiwa, Democratic walikuwa na 34, Republican 33. Katika wilaya ya 41, upande wa Cottage Grove na Hastings, Judy Seeberger alishinda kwa kura 321. Watu 161 wangempa mpinzani wake kura zao badala yake, Seneti ingebaki mikononi mwa waliokuwa nayo.

Hizo ndizo kura 321 za mzee.

Kilichofuata 2023 kilikuwa mvua ya sheria. Haki ya kutoa mimba iliandikwa kwenye sheria ya jimbo, ikapita Seneti kwa 34 dhidi ya 33, kila upande na wake. Watoto wote shuleni wakapata kifungua kinywa na chakula cha mchana bila malipo. Waliotoka gerezani wakaruhusiwa kupiga kura bila kungoja kumaliza muda wao wa uangalizi. Likizo ya kulipwa ya uzazi na ugonjwa ikapitishwa, ianze 2026. Ziada ya bajeti ilikuwa takriban dola bilioni 17.5, na sehemu kubwa yake ikatumika.

Ila sheria iliyogusa nyumba zetu zaidi ni ya leseni ya udereva kwa wahamiaji wasio na makaratasi ya ukaazi. Mlango huo ulifungwa 2003 kwa kanuni ya serikali ya jimbo. Mwaka 2019 muswada wa kuufungua ulipita Baraza la Wawakilishi, ukafia Seneti. Asiyeishi huku huenda asione uzito wake. Mimi natunza wazee. Zamu ya usiku inaisha asubuhi, nje ni barafu tupu, na nyumba nyingi za wazee ziko vitongoji ambavyo basi halifiki, au lipo moja tu la saa ambazo wewe uko kazini. Nilifanya kazi na mama mmoja aliyeendesha gari miaka mingi bila leseni. Kila akiona taa za polisi nyuma yake, mikono ilimtetemeka hadi anasimama pembeni kupumua, hata kama polisi wenyewe wamepita wakaenda zao. Oktoba 2023 sheria ilipoanza kutumika, alisoma kitabu cha maswali ya mtihani kwenye mapumziko yetu, nami nikimuuliza. Kwa hiyo mzee anaposema "bahati nasibu", mimi namuona yule mama na kitabu chake.

Najua hadithi ya mtu mmoja haijibu swali la haki ya kutawala. Hoja yangu hasa ni hii. Uchaguzi wa 2016 uliwapa Republican Seneti hiyo kwa viti 34 dhidi ya 33. Ule wa 2020 ukawapa 34 kwa 33 tena. Wingi mwembamba hivyo ulitumika kuuzuia muswada wa leseni na mingine mingi, na sikumsikia mtu akiuita bahati nasibu. Kuzuia nako ni kuamua! Yule mama alitawaliwa na kiti kimoja kabla ya 2023 sawasawa na baada yake, ila wakati ule uamuzi ulikuwa wa kukataa, na kukataa hakupigi kelele. Tena katiba ya Minnesota inasema muswada unahitaji kura za zaidi ya nusu ya wajumbe wote waliochaguliwa. Kwenye Seneti, hiyo ni 34.

Mzee alinibana mahali pamoja, na nakiri pananisumbua. Jimbo likitaka kukopa kwa hati fungani, kizingiti ni cha juu zaidi: asilimia 60 ya kila baraza, yaani maseneta 41. Hapo Democratic walilazimika kuwabembeleza wenzao, na Republican wakadai dola milioni 300 za kuokoa nyumba za wazee. Wakazipata. Ni sekta yangu hiyo, nilijua nyumba zilizokuwa zikielekea kufungwa. Mzee akasema, "Unaona? Mkilazimishwa kukaa pamoja, hata wewe unafaidika." Ni kweli. Lakini katiba yenyewe ndiyo iliyochagua kuweka kizingiti hicho kwenye deni, ikauacha wingi wa kawaida utawale mengine.

La pili linaniuma zaidi. Kilichojengwa juu ya kiti kimoja hubomoka upesi. Uchaguzi wa 2024 ulileta Baraza la Wawakilishi la 67 kwa 67 (ndio huohuo uliomwingiza Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, kutoka hapa kwetu). Desemba hiyo akafariki Seneta Kari Dziedzic, aliyekuwa kiongozi wa walio wengi 2023, Seneti ikabaki 33 kwa 33 hadi uchaguzi mdogo wa Januari 2025. Na Juni 2025, ili bajeti ipite, bima ya afya ya jimbo kwa watu wazima wasio na makaratasi ikaondolewa. Watoto wakabakizwa. Bima hiyo ilikuwa imewafungulia watu wazima hao mlango mwanzoni mwa mwaka huohuo.

Mzee akaniuliza: "Na siku hao wengine wakishika kwa kiti kimoja wakaifuta leseni ya huyo mama, utasema wana haki?" Nilinyamaza kidogo. Kisha nikasema ndiyo, watakuwa na haki ya kupiga kura hiyo, na mimi nitakuwa na kazi ya kugonga milango Cottage Grove.

Sasa nawaachia nyie. Anayeona kama mzee, karibu, ila aniambie jambo moja: kama 34 hazitoshi, angetaka wangoje wafike wangapi, na yule mama aendeshe vipi wakati wanangoja?