Tamasha la muziki mpya Huddersfield: niende?

Mpigakinanda: Habari zenu wadau. Nasoma Leeds, kaskazini mwa Uingereza, nimekulia kwenye kinanda cha kwaya kanisani. Novemba natamani kwenda tamasha la Huddersfield, mji wa jirani, lakini nahofia nitalipa tiketi nisielewe kitu. Kuna anayelijua?

DadaFidla: Nenda, mdogo wangu! Lilianzishwa 1978 na Richard Steinitz, mhadhiri wa muziki pale Chuo Kikuu cha Huddersfield, wakati huo bado politekniki, yaani chuo cha ufundi. Mwaka 1989 walifika watunzi wakubwa wa muziki mpya, John Cage wa Marekani na Pierre Boulez wa Ufaransa, wote wawili. Mimi hukaa mbele kabisa Ukumbi wa St Paul's, kanisa la zamani lililo chuoni. Upinde ukipitishwa karibu sana na daraja la fidla, kile kijibao kinachoinua nyuzi, hutoka mlio mwembamba, mkali kama kioo. Kisha kimya, nacho ni muziki. Usitafute wimbo wa kuondoka nao. Fuata mlio: unanenepa, unakwaruza, unakatika. Napenda sana jambo hili, nakuambia kwa moyo wote.

Mwenyeji: Treni toka Leeds haichukui hata nusu saa.

Mpigakinanda: Asanteni. Kinanda cha mabomba kipo hapo St Paul's?

DadaFidla: Kipo, kikubwa.