Kusafisha mkanda wa Pentax K1000 kwenye joto la Dar, naomba ushauri

Wakuu, habari za majukumu. Mjomba amenipa Pentax K1000 yake, ile kamera ya mkanda iliyotengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997, na kwa kweli naipenda kuliko simu. Haina mambo mengi. Unachungulia, unazungusha spidi na lenzi mpaka mshale wa mwanga ukae katikati, unabonyeza. Betri ikiisha mshale ndio unalala, kamera yenyewe inaendelea kupiga. Na mkanda ukiwa na picha 36 tu, unamtazama mtu vizuri kabla hujampiga.

Shida ni kusafisha, yaani kuloweka mkanda kwenye dawa ili picha zitokee. Nataka nisafishe mwenyewe mikanda ya nyeusi na nyeupe kwa dawa ya D-76, ambayo joto lake la kawaida ni nyuzi 20 za Selsiasi. Maji ya bomba huku yana joto kuliko hapo. Mnaoishi pwani mnafanyaje: mnaweka chupa ya dawa kwenye beseni lenye barafu, au mnaacha joto lilivyo na kupunguza dakika? Naogopa muda ukiwa mfupi mno picha zitatoka na mabaka.

Pia lenzi imeanza ukungu kwa ndani. Kuna fundi wa kuaminika Kariakoo au Posta?