Nimepata CDL (leseni ya lori kubwa huku Marekani) juzi tu, nataka kubeba magari. Niingie moja kwa moja?

Mgeni wa Columbus
Wakuu habari za majukumu. Niko Columbus Ohio mwaka wa nne sasa, nimepiga kazi za ghala mpaka mgongo umekataa, nikaingia shule ya lori na namshukuru Mungu nimepata CDL klasi A wiki tatu zilizopita. Sasa kila nikipita barabara ya 33 naona zile karia, lori za kubeba magari, zinatoka Marysville kwenye kiwanda cha Honda, gari mpya nane tisa zinang'aa mgongoni, na jamaa mmoja tunayesali naye anasema hao ndio wanaokula hela kuliko wote barabarani. Nimepiga simu kampuni tano. Nne zimeniambia rudi ukiwa na mwaka mmoja au miwili, ya tano wanasema njoo hata kesho ila kichwa na tela nachukua kwao kwa mkopo, wanakata kila wiki. Niende au nianze na drai vani kwanza, yale matela ya boksi lililofungwa? Bongo nilikuwa naendesha Fuso kwa hiyo lori si geni kwangu.

Babu Tela
Hao wa tano wakimbie mdogo wangu. Mtu wa wiki tatu anapewaje tela la magari tisa? Hapo wanachotaka ni mtu wa kuwalipia lile lori, wiki usipopata mzigo makato yako palepale, ukishindwa wanalichukua wanampa mwingine.

Mimi huu mwaka wa sita kwenye magari, kabla ya hapo nilikaa drai vani miaka miwili. Fuso imekusaidia kona na breki sawa, ila kwenye hii kazi kuendesha ni nusu tu, nusu nyingine ni kupakia. Yaani unaingia kwenye gari ya mtu ya dola 40,000, unaipandisha kwa rivasi juu ya vyuma viwili vyembamba mpaka inakaa juu ya kichwa cha lori, chini yako hewa tupu, halafu ukizima unakuta mlango haufunguki kwa sababu kuna nguzo. Unatokea dirishani. Na huku hakuna utingo wa kukuambia njoo njoo kata kidogo, ni wewe na vioo vyako. Januari vile vyuma vina barafu. Wiki yangu ya pili niliteleza nikadaka kioo cha pembeni cha Accord nisianguke, kikabaki mkononi. Nilikilipa mimi.

Mkanda wa suruali wenye chuma acha nyumbani, unachora rangi, funguo za kuning'inia vilevile. Kabla hujagusa gari izunguke yote upige picha, kila mkwaruzo uandike kwenye karatasi ya mzigo na anayekukabidhi asaini. Watu wanalizwa mnadani usiku, mvua inanyesha, gari ina matope, unajisemea aah hii iko safi. Bampa moja ya hivyo ilinitoa dola 900.

Na ununue fimbo ya kupimia urefu. Ohio na mashariki kwingi mwisho ni futi 13 na inchi 6, ukiweka SUV pale juu ya kichwa unapitiliza bila kujua. Kuna lile daraja la reli la Durham North Carolina, waliliinua 2019 likafika futi 12 na inchi 4 na bado linanyoa malori.

Njoro wa Dallas
Babu amesema ukweli lakini kuna njia ya katikati. Mimi nilianza na pikapu na trela ya gari tatu, nabeba za mnada pekee, zile zimegongwa, juu hizo hata ukikwaruza kidogo hakuna mtu atalia. Hapo ndio nilijua kufunga na kutumia winchi, nusu yazo haziwaki, zingine hazina ufunguo na steering imejifunga, unavuta kwa jua ya Texas ya Agosti hadi unaona nyota mchana. Kilichonimaliza ni insurance. Kampuni mpya na CDL mpya, walinipea bei nikauliza hii ni ya mwaka ama ya mwezi. Ilikuwa ya mwezi. Baada ya miezi saba nikafunga nikaenda kuendeshea mtu ako na lori tatu, nilikaa kando yake wiki sita kabla aniachie tela kubwa. Tafuta mtu kama huyo, na usifungue kampuni saa hii.

Mulushi Louisville
Jambo wandugu. Kuna kitu hamusemi, Kingereza. Tangu tarehe 25 mwezi wa 6 2025 inspecta akikusimamisha na hauwezi kumujibu, lori inabaki pale pale hauendeshi tena. Mwenye drai vani amefunga milango yake hakuna anayeona ndani. Sisi mikanda yetu iko inje, wanaiona toka mbali, tunasimamishwa sana. Jua kutaja kila chuma na kila mukanda kwa Kingereza, hata kama ya dukani unaongea vizuri.

Dereva wa Kurasini
Nawasoma tu kutoka Dar, kumbe kazi ileile. Mimi natoa bandarini napeleka Tunduma, gari za Wazambia na Wakongo, karia ya gari sita. Wengi huku bado wanaziendesha moja moja hadi mpakani, zile gari za IT, yaani za kupita tu kwenda nje. Sisi madaraja siyo shida sana, shida ni foleni ya mpakani, unalala jicho moja wazi asubuhi unakuta gari ya juu haina redio. Ila Babu kweli unapakia peke yako? Mimi bila utingo wangu mlima Kitonga sipandi.

Babu Tela
@Kurasini hahaha mlete huyo utingo huku, namlipia nauli.

Mgeni wa Columbus
Nimewasoma wote, asanteni sana. Wale wa mkopo nimewaambia hapana, wakaanza kunibembeleza tunakupunguzia makato, nikaona hapa pana kitu. Nimepata jamaa ana lori mbili, anatoa za mnada hapa anapeleka Atlanta, anasema nikae naye mwezi mmoja, dola 150 kwa siku, nalala kitanda cha juu. Naona ni mtu wa watu. Kitu kimoja tu kinanisumbua, anafunga mikanda miwili kwa kila gari, mmoja mbele mmoja nyuma, anasema sheria inaruhusu. Ni kweli?

Babu Tela
Sheria inaruhusu kweli, angalau miwili. Mimi nafunga minne, kila tairi na wake, na nikitoka nasimama kabla ya maili 50 kukaza upya, hiyo nayo ni sheria, maana gari ikishatikiswa springi zinashuka na mkanda unalegea. Hela siyo mbaya kwa mwanafunzi. Muulize tu akitoka Columbus anasimama wapi mara ya kwanza. Akikwambia Jeffersonville pale kwenye vituo vya malori, ndani ya hizo maili 50, panda. Akikwambia Atlanta, tafuta mwingine.