Mjadala: Kutoa masega kwenye ekzosi, gari linapata nguvu au tunadanganyana?

Mzee wa Raskazone:
Ndugu zangu wa Tanga, nina Noah ya mwaka 2003, injini ya D4, na kila ninapolipandisha gari hili kutoka Mombo kwenda Lushoto hukohoa kama mzee wa pumu. Nimeambiwa kwamba masega, kile kifaa cha kusafisha moshi kilicho kwenye bomba la ekzosi, ndiyo yanayoibana injini pumzi, na kwamba nikiyatoa na kuunga bomba tupu nitapata nguvu na kuokoa mafuta. Je, ni kweli, na je, ni haki kwa wanaonifuata nyuma?

Fundi wa Barabara ya 12:
Shikamoo mzee. Ni kweli kabisa. Masega yakijaa masizi au yakiyeyuka, moshi hukosa njia na injini hushindwa kuvuta hewa mpya. Wateja wangu wote niliowatolea wameshukuru. Hata Wamarekani, walipofungiwa vifaa hivi miaka ya sabini, magari yao yalilegea.

Bi Chumbageni:
Shikamoo mzee wangu. Fundi amesema nusu ya ukweli. Masega yaliyoziba huua nguvu, lakini masega mazima huzuia moshi kidogo mno, kiasi ambacho dereva wa Noah hawezi kukihisi. Swali la kwanza lilipaswa kuwa kwa nini yameziba, kwa sababu plagi ikikosa kuwasha mafuta au injini ikila oili, uchafu wote huishia humo. Ndani yake mna platinamu, paladiamu na rodiamu, madini yanayogeuza monoksidi ya kaboni, ile hewa inayoua watu waliolala na jiko la mkaa, kuwa kaboni dioksidi. Tena sijapata kuona fundi wa Ngamiani akimrudishia mteja masega yake, kwa maana bei ya madini hayo anaijua kuliko anavyoijua injini.

Fundi wa Barabara ya 12:
Dada yangu, umetuita wezi hadharani. Volkswagen, yenye wahandisi waliosoma, ilinaswa mwaka 2015 kwa programu ya kudanganya vipimo vya moshi katika magari yapatayo milioni 11. Mimi mwenye spana na mashine ya kuchomelea nina dhambi gani?

Mpanda Baiskeli wa Makorora:
Dhambi yako ni ile ninayoivuta mimi kila jioni nikisubiri Noah zenu zipite. Kuhusu Wamarekani, kama sikosei masega yalianza kufungwa kwa wingi kwenye magari ya mwaka 1974.

Bi Chumbageni:
Ni ya mwaka 1975. Nguvu ilikuwa imeanza kushuka kabla ya hapo, kwa sababu viwanda vilipunguza mgandamizo wa injini ili zikubali petroli isiyo na risasi, yaani madini ya ledi. Risasi huyaharibu masega, na nchi zetu za kusini mwa Sahara ziliachana nayo ilipofika mwaka 2006, kisha sisi tunayang'oa masega yenyewe. Na sikusema wizi. Niliuliza kifaa huenda wapi.

Fundi wa Barabara ya 12:
Hukuuliza, ulihukumu. Mteja akikitaka kifaa chake hupewa.

Mpanda Baiskeli wa Makorora:
Mteja ambaye hakuambiwa kina thamani atakitaka vipi?

Mzee wa Raskazone:
Naona haya kukiri kwamba nilikwisha kuyatoa Jumamosi, kabla ya kuleta mada hii, nikitumaini mtanipongeza. Mlimani gari linapanda vizuri, sitasema uongo. Lakini taa ya injini haizimiki, na ule moshi mkali huingia ndani tukisimama, hata mama watoto amehamia kiti cha nyuma na bado anafunika pua kwa mtandio. Masega sikupewa, niliambiwa kuwa ni taka na yatatupwa. Fundi wa Barabara ya 12, kwa kuwa wewe ni mkweli, taka hiyo huuzwa shilingi ngapi?